Mume Wangu, Taa Zake na Kiwanja Chetu

Angekuja mwenzi wako akuambie anaacha ajira ya kudumu ili ajifunze taa za jukwaani, ungemjibu nini? Mimi nilimjibu mengi, na mengine najuta. Kisha tukaenda Nyakitonto.

Mpenzi msomaji, leo nakutolea siri ya nyumbani kwangu. Mwaka 2023 mimi na mume wangu tulikuwa na akiba ya shilingi milioni 4 na nusu. Ilikuwa ya kiwanja, na kiwanja chenyewe tulishakwenda kukiona mara mbili. Jioni moja nikasikia bajaji imesimama nje. Mume wangu akashusha maboksi matatu. Ndani mlikuwa na taa nane, stendi mbili, waya za kutosha kuzunguka nyumba na kisanduku cha kuongezea na kupunguzia mwanga.

"Mke wangu, usikasirike kabla hujaziona zikiwaka," akasema.

Nilikasirika kabla hajamaliza kusema. Milioni 2 na laki 4 zilikuwa zimeondoka, na hakuniuliza. Wiki mbili baadaye akaandika barua ya kuacha kazi benki. Tukawa tunalala tumepeana migongo.

Lakini ngoja niseme ukweli wote. Kilichoniuma si pesa peke yake. Nilikuwa naona aibu. Niliolewa na mtu wa tai na kitambulisho shingoni, sasa mashosti wa ofisini wakiniuliza mume anafanya kazi gani niseme nini? Fundi taa?

KUMBE NI KAZI INAYOSOMEWA

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa mwaka mzima, kila wikiendi alipokuwa anasema yuko "na washkaji", alikuwa anamfuata mzee mmoja hapa Dar anayefunga taa za maonyesho. Alikuwa anabeba waya, anapanda ngazi, anaandika kwenye daftari. Hilo daftari nikalisoma siku moja kwa hasira, nikitafuta majina ya wanawake. Nikakuta michoro ya jukwaa.

Kwa kifupi, mbunifu wa taa haanzi na taa. Anaanza na kusoma igizo, au kusikiliza muziki wa ngoma itakayochezwa. Anakaa kwenye mazoezi anaangalia nani anasimama wapi na lini. Ndipo anachora ramani: taa hii hapa, inaelekea kule, rangi hii. Anazifunga, anazielekeza moja moja, halafu anaandika orodha ya mabadiliko: mtu akitamka neno fulani, taa hizi zishuke na hizi zipande. Siku ya onyesho anakaa gizani na orodha yake, na akiifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka.

Mwanga jukwaani una kazi nne. Unafanya watu waonekane. Unaelekeza macho ya watazamaji. Unatoa umbo, ili sura isiwe bapa kama picha ya pasipoti. Na unaleta hali: asubuhi, msiba, mapenzi, hofu. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Stanley McCandless, aliandika kitabu mwaka 1932 akafundisha njia ambayo wanafunzi wanaanza nayo hadi leo. Mwigizaji apigwe na taa mbili kutoka mbele, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi kama 45, upande mmoja rangi ya joto, mwingine rangi ya baridi. Jaribu nyumbani kwa tochi mbili utaona.

Kuna jambo moja lililonigusa zaidi. Ngozi zetu nyeusi zina namna yake ya kupokea mwanga. Ukimpiga mtu mweusi taa kali ya mbele, paji la uso linang'aa na sehemu nyingine zinapotea. Ukimwekea taa ya ubavuni na nyingine nyuma ya bega, uso wote unajitokeza. Wengi hatukufundishwa hivyo, maana vifaa vyenyewe havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilipimia rangi za picha kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Sasa angalia picha za harusi yako. Kama uso wako umetoka na rangi ya majivu, usilaumu poda.

KUSOMEA WAPI?

Kwetu Tanzania mlango unaojulikana zaidi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Pale, pamoja na uigizaji, ngoma na muziki, teknolojia ya jukwaa ni somo. Ukumbi wao wa maonyesho uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho, na huko utajifunza kusoma igizo kabla ya kushika taa.

Wengine wanajifunzia kazini. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kujulikana kwa maonyesho yake ya Ngome Kongwe, ni mfano wa mahali ambapo taa zinapaswa kuelewana na kuta za mawe zilizokuwepo kabla ya umeme. Kijana akibeba waya mahali kama pale kwa siku chache huku macho yake yako wazi, anaondoka na elimu.

NYAKITONTO, DESEMBA

Mume wangu ni Muha wa Nyakitonto, Kasulu, barabara ya kwenda Kibondo. Mwaka huo tulikwenda kula Krismasi kwa mama mkwe. Maboksi matatu nayo yakapanda basi. Sikusema kitu. Nilinyamaza njia nzima hadi Kigoma, na wewe unajua Kigoma si karibu.

Vijana wa kanisa walikuwa na igizo la mkesha. Mama mkwe akasema, "Mwaka jana tulisikia sauti tu. Huyo Mariamu sura yake hatukuiona." Walikuwa wametumia balbu moja juu ya altare. Mume wangu akaomba siku tatu. Nilimwona anakaa kwenye benchi la nyuma anaangalia mazoezi, anaandika, haongei. Miaka minne ya ndoa sikuwahi kumwona ametulia hivyo.

Wakakodi jenereta. Usiku ule kanisa lilijaa hadi madirishani. Igizo likaanza. Mariamu alikuwa binti mweusi, wa kidato cha tatu, na taa ya ubavuni ilipompata, kina mama mbele yangu wakaguna kwa pamoja. Alikuwa anaonekana hadi machozi.

Wachungaji walipokuwa wanaingia, jenereta likakohoa mara mbili likazima.

Giza. Watoto wakapiga kelele. Moyo wangu ukashuka, na nakiri kwamba kasauti kadogo ndani yangu kalisema: si unaona? Kisha taa mbili ndogo zikawaka taratibu pembeni. Alikuwa amekuja na betri ya gari, akazitenga taa hizo mbili tangu mwanzo kwa ajili ya balaa kama hilo. Lakini hazikutosha kufika horini.

Hapo ndipo baba mdogo alipoinuka. Huyu mzee ujana wake wote alivua dagaa Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa kule wanafanya kazi usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na dagaa hawana pa kukusanyikia. Akaenda nyumbani akarudi na karabai yake ya zamani, akaipiga pampu mwenyewe hadi ikaunguruma. Mume wangu akaiweka nyuma ya shuka jeupe, mbali na majani makavu, akamweka kijana mmoja wa kuilinda.

Mwanga ukatoka nyuma ya hori, wa njano, na kanisa zima likanyamaza. Hata watoto.

Baadaye, nje, baba mdogo akaniambia, "Mkamwana, dagaa na watu ni wale wale. Ukiwasha kila mahali hawajui waende wapi."

TULIVYOELEWANA

Usiku ule tulikaa nje tumejifunika blanketi moja, maana Kasulu usiku kuna baridi yake. Mume wangu akaniomba radhi kwa kuchukua pesa bila kuniuliza. Hakujitetea. Mimi nikamwomba radhi kwa aibu yangu, ambayo alishaiona siku nyingi. Akaniambia, "Nilijua ukiniuliza nitaogopa. Ndiyo maana sikukuuliza." Sikukubaliana na sababu hiyo, na sikubaliani nayo hadi leo. Lakini nilielewa.

Usidhani tulirudi Dar tukatajirika. Kiwanja kile kilinunuliwa na mtu mwingine. Kwaresima na Ramadhani harusi zinapungua, na kuna mwezi alioingiza sifuri. Lakini ana wateja wa harusi, makanisa wawili watatu, na kikundi kimoja cha maigizo ambacho kinamlipa kidogo na anakipenda kuliko wote. Na mashosti wakiniuliza siku hizi nasema: mume wangu anabuni taa. Wakisema "fundi taa?", nasema ndiyo, na yeye pia.

KAMA NANYI MNAFIKIRIA

1. Anza na macho. Kaa sebuleni jioni, zima taa zote, washa moja moja. Angalia uso wa mwenzio unavyobadilika. Taa ya chini inatisha, ya juu kabisa inachimba macho, ya ubavuni inaremba.

2. Jifunze umeme kabla ya rangi. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Taa ya zamani ya wati 1000 kwenye umeme wa volti 230 inakula zaidi ya ampea 4. Soketi ya ampea 13 haibebi taa nne za namna hiyo. Za LED zinakula kidogo sana na hazichomi, ndiyo maana anayeanza aanze nazo.

3. Tafuta mtu wa kumbebea waya. Kitabu na video vitakufundisha majina ya vifaa. Namna ya kutulia jenereta linapozima utaiona kwa mtu.

4. Wekeni mkataba wa ndani. Sisi kila malipo tunagawa mafungu matatu: vifaa, nyumba, kiwanja. Kitu chochote kinachozidi laki 2, tunakubaliana wawili kwanza.

5. Nenda kamwone akifanya kazi. Usimhukumu mwenzio kwa maboksi yaliyokaa sebuleni. Mimi nilipoteza miezi mitano ya ndoa yangu nikigombana na maboksi.