Mita Inasikia Nini?

Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani, Bob Carver, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista, ya bei nafuu, isikike sawasawa na amplifaya ghali watakayoichagua wao. Wakamwekea ya valvu. Carver aliziunganisha zote mbili zipige muziki uleule kwa wakati mmoja, kisha akatoa mawimbi ya moja kutoka kwa mawimbi ya nyingine. Kinachobaki hapo ndiyo tofauti yenyewe. Akaendelea kurekebisha saketi hadi mabaki yakashuka desibeli 70 chini ya muziki, yaani kama sehemu moja kati ya elfu tatu ya volti za muziki huo. Wahariri hao, watu waliozoea kusikiliza kwa makini, wakashindwa kuzitofautisha.

Wapo wanaoshikilia kuwa sauti ina siri ambayo mita haiwezi kuiona. Kama valvu zile zingekuwa na siri hiyo, ingejitokeza kwenye mabaki.

Hata hivyo, wanaodharau takwimu za kwenye boksi nawaunga mkono. Nguvu na upotoshaji wa sauti kwa kawaida hupimwa kwa kufunga kizuizi cha omu 8 mahali pa spika, na ni nadra spika kubaki kwenye omu 8. Tuseme ukinzani wa spika yako unashuka hadi omu 4 kwenye noti fulani na kupanda hadi 20 kwenye nyingine. Amplifaya ya valvu yenye ukinzani wa ndani wa omu 2 itazipa noti hizo volti zinazotofautiana kwa karibu desibeli 2.7. Hiyo inasikika wazi: mwimbaji husogea mbele, au besi huvimba. Kwa amplifaya ya transista yenye omu 0.05, tofauti haifiki hata desibeli 0.1. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule utamu wa valvu unaosifiwa hupimika, ila lazima upime huku spika imeunganishwa.

Amplifaya za mwanzo za transista zilionewa huruma na mita kwa namna hiyohiyo. Zilipimwa zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, asilimia ya upotoshaji ikaonekana ndogo. Ukizipunguza usiku watoto wamelala, sauti ikakwaruza. Kasoro yake ilikuwa pale wimbi linapovuka sifuri, na muziki wa sauti ndogo hukaa hapohapo.

Macho nayo hudanganya. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zilezile, wakiziona na pia zikiwa zimefichwa. Alama walizozipa zikabadilika. Masikio pia hudanganywa: sauti za vifaa zisiposawazishwa, kile kilichozidi kidogo tu huonekana bora, na msikilizaji hajui kwamba amependa ukubwa wa sauti.

Kwa spika, ambako tofauti ni kubwa kuliko kokote, mwaka 2004 Olive alitunga fomula inayokadiria alama za wasikilizaji kwa vipimo pekee. Kwa spika 70, uwiano kati ya makadirio na alama halisi ulifika 0.86. Fomula hiyo hutegemea grafu za sauti inayotoka mbele, pembeni na nyuma ya spika. Hizo ndizo za kumdai muuzaji kabla hajakutajia wati.