Kutoka Dalili hadi Chanzo: Kueleza Ubadilishaji wa Plagi na Koili za Injini kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna injini ya petroli inavyokosa mwako kwa sababu ya hitilafu ya plagi au koili, namna fundi anavyotenga chanzo cha hitilafu hiyo, na namna vipuri hivyo vinavyobadilishwa. Maelezo hayo yanatumiwa kupima uwezo wa Kiswahili cha gereji kubeba maarifa ya ufundi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakipungukiwi majina ya vipuri. Pengo lililopo ni la istilahi zinazotenganisha dalili na chanzo, na pengo hilo humgharimu mwenye gari fedha. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa vyombo vya lugha na vya mafunzo ya ufundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Magari mengi madogo katika barabara za Afrika Mashariki huletwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mnamo mwaka 2018. Gari la umri huo hufika likiwa limekwisha kwenda makumi ya maelfu ya kilomita. Vibandiko vyake huwa vya Kijapani, na kitabu cha mtengenezaji, kikipatikana, huwa cha Kiingereza. Anayelihudumia ni fundi wa gereji ambaye aghalabu amejifunza kazi kwa kumtazama na kumsikiliza fundi aliyemtangulia, na katika sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania masomo hayo hutolewa kwa Kiswahili.

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika sana gerejini ni kwamba “gari linamisi.” Kitenzi hiki cha kutoholewa kimekwisha kukaa katika sarufi: gari linamisi, lilimisi, limeanza kumisi. Hata hivyo, kimaana kinataja tu kile anachokihisi dereva, yaani mtetemo gari likiwa limesimama, nguvu kupungua kwenye mlima, harufu ya petroli isiyoungua, na taa ya injini kuwaka au kumwekamweka. Hakisemi kwa nini. Pale ambapo lugha ya gereji inaishia kwenye dalili, matengenezo nayo huwa ya kubahatisha: mwenye gari huambiwa koili zimekufa, hununua zote nne, na baada ya muda mfupi gari humisi tena kwa kuwa plagi zilizochakaa zilibaki mahali pake.

2. Kinachotokea ndani ya silinda

Injini ya petroli ya mapigo manne huvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta, huugandamiza, huuwasha, kisha hutoa moshi. Kazi ya kuwasha ni ya plagi, ambayo hurusha cheche katika mwanya ulio kati ya ncha zake mbili muda mfupi kabla pistoni haijafika juu kabisa. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani cheche 25 kwa sekunde. Kwa injini ya silinda nne, jumla ni cheche 100 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa mwako, robo ya kazi ya injini hupotea na mzunguko wake huyumba. Huo ndio mtetemo anaousikia dereva.

Betri ya gari hutoa takribani volti 12, kiasi kisichoweza kuruka mwanya wa plagi ndani ya silinda iliyogandamizwa. Koili ndiyo inayoukuza umeme huo. Ndani yake mna mizunguko miwili ya waya: wa kwanza una mizingo michache ya waya mnene, wa pili una mizingo mingi mno ya waya mwembamba. Umeme unapopita katika mzunguko wa kwanza hujenga uga sumaku. Kompyuta ya injini inapoukata ghafla, uga huo huporomoka na kuzalisha katika mzunguko wa pili makumi ya maelfu ya volti.

Katika injini za zamani koili moja ilihudumia silinda zote kupitia kigawa umeme na nyaya za plagi. Katika injini nyingi za sasa, kama ile ya Toyota ya aina ya 1NZ-FE yenye lita 1.5, kila silinda ina koili yake iliyokaa moja kwa moja juu ya plagi. Mpangilio huu una faida kubwa kwa fundi: hitilafu ya koili moja huathiri silinda moja tu, na hivyo inaweza kufuatiliwa.

Uhusiano wa plagi na koili ndio kiini cha suala zima. Kila cheche hula chembe ndogo ya ncha za plagi, na mwanya hupanuka kadiri kilomita zinavyoongezeka. Mwanya mpana hudai volti kubwa zaidi, na koili hulazimika kuitoa. Umeme huo ukishindwa kuruka mwanyani hutafuta njia nyepesi: hupenya mpira wa koili au hutambaa juu ya kauri ya plagi hadi kwenye chuma cha injini. Kwa hiyo plagi iliyochakaa huiua koili, na fundi anayebadilisha koili pekee hutibu matokeo na kuacha chanzo.

3. Kutenga chanzo

Hatua ya kwanza ni kusoma msimbo wa kosa uliohifadhiwa na kompyuta ya injini. Katika mfumo wa misimbo unaotumiwa na watengenezaji wengi, P0301 humaanisha kwamba silinda ya kwanza imekosa mwako, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 huonyesha kwamba mwako unakosekana pasipo silinda moja mahususi. Msimbo wa P0351 na inayoufuata huelekeza kwenye saketi ya koili. Inapaswa kusisitizwa kwamba P0302 haisemi “badilisha koili ya pili”. Inasema tu mahali ambapo mwako ulikosekana. Msimbo nao, kama kitenzi kumisi, ni dalili.

Hatua ya pili ni kuhamisha. Koili ya silinda ya pili hupelekwa kwenye silinda ya tatu, na ya tatu huletwa kwenye ya pili; msimbo hufutwa na gari huendeshwa. Msimbo ukirudi kama P0303, kosa limeifuata koili, na koili hiyo ndiyo mbovu. Ukibaki P0302, plagi huhamishwa kwa namna hiyohiyo. Kosa likibaki palepale baada ya vyote viwili kuhamishwa, chanzo hakimo katika plagi wala koili. Fundi atachunguza waya na soketi ya koili, kipulizia mafuta, uvujaji wa hewa, au mgandamizo wa silinda. Jaribio hili halihitaji kununua kipuri chochote, nalo huondoa sehemu kubwa ya kubahatisha.

Hatua ya tatu ni kuisoma plagi yenyewe. Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia nyepesi ni dalili ya mwako mzuri. Masizi meusi makavu huashiria mafuta mengi kuliko hewa, au cheche hafifu. Ncha iliyolowa oili huonyesha kwamba oili inaingia silindani. Ncha nyeupe iliyofanya malengelenge hutokana na joto kupita kiasi, ambalo huenda likasababishwa na plagi ya kiwango cha joto kisicholingana na injini. Aidha, oili ikikutwa juu, katika shimo linalokaa plagi, gasketi ya kifuniko cha vali imeharibika. Isipobadilishwa, koili mpya itaharibika kama ile ya zamani.

4. Kubadilisha

Kazi hufanywa injini ikiwa imepoa, kwa sababu hesi za kichwa cha alumini huharibika kirahisi plagi ikifunguliwa ikiwa ya moto. Waya hasi wa betri hufunguliwa, soketi ya koili huchomolewa kwa kubonyeza kilimi chake, na bolti ya koili huondolewa. Koili huzungushwa kidogo, kisha huvutwa juu bila kupindwa. Kabla ya kufungua plagi, mchanga na vumbi hupulizwa kutoka katika shimo ili visidondokee ndani ya silinda.

Plagi mpya lazima ilingane na namba iliyoelekezwa na mtengenezaji: urefu wa hesi, kiwango cha joto, na mwanya. Plagi za kawaida hubadilishwa mapema zaidi kuliko za iridi, ambazo katika injini nyingi hukadiriwa kudumu hadi kilomita 100,000. Ncha ya iridi ni nyembamba na hukatika kirahisi, hivyo haifai kugongwa wala kusuguliwa kwa brashi ya chuma. Plagi huanzwa kufungwa kwa mkono ili kuhakikisha kwamba imeshika hesi, kisha hukazwa kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu. Ikilegea, joto halitatoka vizuri na mgandamizo utavuja. Ikikazwa mno, hesi italiwa, na gharama ya kuirekebisha ni kubwa kuliko bei ya plagi zote. Mwisho, koili hurudishwa, msimbo hufutwa, na gari hujaribiwa barabarani, ikiwezekana kwenye mlima, kwa kuwa cheche dhaifu hujitokeza zaidi injini inapobeba mzigo.

Kuchelewesha matengenezo kuna gharama yake. Petroli isiyoungua silindani huenda kuungulia katika kisafisha moshi, ambacho hupata joto kali hata kikayeyuka ndani. Kutokana na hatari hiyo, katika magari mengi taa ya injini humwekamweka badala ya kuwaka mfululizo.

5. Kiswahili cha gereji na pengo lake

Maelezo yaliyotangulia yametolewa kwa maneno ambayo kwa sehemu kubwa yamekwisha kuwamo katika matumizi: plagi, koili, cheche, mwanya, hesi, kuliwa, kukaza, soketi, gasketi. Baadhi ni ya asili, mengine ni ya mkopo, nayo yanakaa pamoja bila mgogoro. Hesi imeliwa ni maelezo kamili ya kiufundi, mafupi na yasiyo na utata.

Utata hujitokeza katika maeneo mawili. La kwanza ni tofauti za kieneo. Mahali ambapo ufundi ulifundishwa kwa Kifaransa, kama mashariki ya Kongo na Burundi, plagi ni buji na koili ni bobini. Buji katika mazingira hayo ni mshumaa vilevile. Plagi nayo kwa upande mwingine ni ya gari na ni ya kuchomeka ukutani. Katika Jumuiya ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2010, imekusudia mafundi wavuke mipaka kufanya kazi, tofauti hizi zinastahili kuorodheshwa bega kwa bega. Hakuna haja ya kufuta neno la upande mmoja.

Eneo la pili ni zito zaidi: maneno ya hitilafu. Koili “imekufa” hutumika kwa koili isiyotoa cheche kabisa, kwa inayotoa cheche hafifu, na kwa ile inayofanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata moto. Hali hizi tatu hupimwa kwa njia tofauti, kwani koili ya aina ya tatu ikipimwa asubuhi itaonekana nzima. Kitenzi kumisi nacho huzifunika sababu za cheche, za mafuta na za mgandamizo pamoja.

Lugha ina njia rahisi ya kuziba pengo hili. Kumisi kibaki jina la dalili, kama kilivyo kinywani mwa watumiaji. Tukio lenyewe liitwe kukosa mwako, na vyanzo vyake vifuate muundo uleule: kukosa cheche, kukosa mafuta, kukosa mgandamizo. Kwa hali za katikati yatumike cheche hafifu na kukata kwa joto. Mwanafunzi wa ufundi atakayeijua safu hii atakuwa amejifunza pia mpangilio wa uchunguzi, kwa kuwa kila istilahi inamwonyesha cha kupima.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili kimepewa hadhi kubwa katika miaka ya karibuni: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Hadhi hiyo itakuwa na maana kwa mwenye gari pale atakapoelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini analipia kipuri fulani.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na mabaraza ya kitaifa, ikusanye istilahi za hitilafu kutoka gerejini kabla ya kusanifisha zozote, ikionyesha visawe vya kila nchi. Pili, kila istilahi iambatane na fasili inayotaja namna ya kupima hali inayorejelewa. Tatu, vyuo vya ufundi viruhusu mtahiniwa kueleza uchunguzi wake kwa Kiswahili, kwa kuwa anayeweza kusema kwa mpangilio alivyotenga chanzo ameonyesha kwamba anaijua kazi. Nne, ankara za matengenezo ziwe na nafasi ya kuandika dalili, chanzo kilichothibitishwa, na kipuri kilichobadilishwa, kila kimoja peke yake. Hilo la nne halisubiri kamati wala bajeti. Gereji yoyote inaweza kulianza kesho.