Dende akinyamaza, usiseme amepona

Mwezi uliopita tulipita kuona vikundi vya wafugaji katika teritware ya Walungu. Mama mmoja, mwanamemba wa koperative tangu mwanzo, alikuwa anatungoja kwenye mlango wa jiko lake. Mikononi alishika dende dume, yule ambaye kikundi kizima kilikuwa kinamtegemea kwa kuzalisha. Dume mwingine alikuwa amemuuma mgongoni, na kidonda kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kitambaa.

Mama alikuwa na furaha. Akatuambia: "Siku mbili ilikuwa inalia sana, hata usiku hatukulala. Kiisha leo asubuyi ikanyamaza. Nikasema, Mungu asifiwe, maumivu imeisha."

Tulimpokea yule dende. Hakushtuka, hakujaribu kukimbia. Manyoya yalikuwa yamesimama, macho yamefungwa nusu, na chini yake kulikuwa na uharo. Tulipofungua kitambaa tukakuta funza wa inzi ndani ya kidonda. Kwenye dirisha kulikuwa na kapsuli za ampisilini alizouziwa kwenye farmasi ya karibu. Alikuwa anafungua moja asubuhi, moja jioni, anachanganya na maji na kumnywesha.

Dende alikufa jioni ile. Je, aliuawa na kidonda au na dawa? Hatukuweza kusema. Pengine ni vyote viwili. Lakini jambo moja tunalisema wazi: kosa halikuwa la mama peke yake. Sisi maagronomi tulifundisha kikundi kile namna ya kujenga vizimba na kupanda majani ya malisho. Juu ya vidonda na juu ya sauti za dende hatukufundisha hata saa moja. Makala hii ni deni tunalolipa.

Mnyama mdogo anayesema sana

Dende, ambaye wengine wanamwita kobaye, alitoka mbali. Watu wa milima ya Andes, kule Peru, Bolivia na Ekwado, ndio waliomfuga kwanza, maelfu ya miaka iliyopita, kwa ajili ya nyama. Huko Amerika ya Kusini bado kuko ndugu yake mkubwa anayeitwa kapibara. Huyo anaishi kando ya mito na mabwawa, anakula majani, na anaweza kupita kilo 50. Ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya panya.

Tunamtaja kapibara juu ya sababu moja. Yeye na dende wanaishi kwa kundi, na hawana pembe wala makucha ya kujilinda. Silaha yao ya kwanza ni sauti. Kapibara akiona hatari anabweka sawa mbwa, na wenzake wote wanaingia majini. Watoto wake wanapiga mluzi wasipotee na mama yao. Dende naye anafanya vile vile ndani ya jiko lako, lakini yeye hana mto wa kukimbilia. Anakutegemea wewe usikie.

Tumekaa na wafugaji wengi, tukasikiliza pamoja. Sauti ambazo kila mfugaji anapaswa kujua ni hizi:

"Wiii, wiii, wiii": mluzi wa nguvu unaopanda juu. Ni njaa au ni kukuita. Dende wamesikia hatua zako au majani yakichakarika. Kundi lenye afya linapiga mluzi huu kila siku saa ya chakula. Mtoto aliyetengwa na mama yake naye anapiga mluzi.

Kuunguruma chini chini, mwili umelegea: ametulia, ameridhika.

Kuunguruma kwa nguvu huku dume anatembea polepole na kutikisa kiuno: anamtongoza jike. Akimfanyia hivyo dume mwenzake, ujue vita iko karibu.

"Drrr" fupi, kiisha kundi lote linaganda bila kutikisika: ni hofu. Angalia kama mbwa, paka au panya mkubwa ameingia.

Meno kugongana "kakakaka": ni hasira. Madume wawili wakifanya hivyo wakitazamana, manyoya ya shingo yamesimama, una dakika chache tu za kuwatenganisha. Usiingize mkono kati yao. Weka ubao au kikapo.

Kilio kikali cha ghafla: ni maumivu. Acha unachofanya, nenda uangalie.

Kimya. Hii ndiyo sauti ya mwisho, na ndiyo tunataka muishike kuliko zote. Dende ni mnyama anayewindwa. Akiwa dhaifu sana anajificha na kunyamaza ili adui asimwone. Kwa hiyo dende aliyeumia, kiisha akaacha kulia, si lazima amepona. Aliyepona anarudi kupiga mluzi wa chakula na anakuja kula. Anayekufa ananyamaza na hali. Tofauti iko kwenye kula.

Jaribio lake ni rahisi. Weka majani mbele yake, kaa kimya kidogo, uangalie. Asipoyagusa, hesabu saa. Tumbo la dende linataka kazi muda wote. Akikaa siku moja bila kula, tumbo linaanza kusimama, na hapo kumrudisha ni vigumu sana.

Dende ameumia: fanya hivi

1. Mshike vizuri. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Usimwinue kwa shingo wala kwa mguu. Dende wengi wamevunjika mgongo kwa kuanguka kutoka mikononi mwa watoto. Mtoto akitaka kumshika, akae chini kwanza.

2. Mtenge. Sanduku au kikapo chenye majani makavu kinatosha, pahali pasipo moshi, upepo wala jua kali. Kama si vita iliyomuumiza, weka kikapo karibu na wenzake awasikie. Akiwa peke yake kabisa anaogopa, na hofu inamwondolea hamu ya kula.

3. Osha kidonda. Chemsha maji, yaache yapoe. Nusu lita ya maji, kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Nawa mikono kwa sabuni, kata manyoya yanayozunguka kidonda, kiisha mwagia maji yale polepole mpaka uchafu utoke. Ukiwa na Betadine, ichanganye na maji safi mpaka iwe na rangi ya chai hafifu. Usitie mafuta ya gari, majivu ya moto wala petroli.

4. Usifunge kitambaa kizito. Kidonda kilichofunikwa hukioni, lakini inzi anakiona. Angalia asubuhi na jioni. Ukikuta funza, watoe wote mmoja mmoja, kiisha osha tena kwa maji ya chumvi.

5. Mlishe. Asipokula mwenyewe, ponda majani laini na maji kidogo mpaka yawe kama uji mwepesi. Tumia sindano ya plastiki bila ncha, ingiza kwa upande wa mdomo, tone kwa tone, umwache ameze. Usimlaze kwa mgongo. Uji utaingia kwenye mapafu.

6. Mpime. Mzani wa sokoni unatosha. Andika uzito kila siku. Macho yetu yanadanganya juu ya manyoya, lakini mzani unaonyesha mapema kwamba anakonda.

Mguu ukivunjika bila mfupa kutoka nje, usiuvute wala kuufunga kwa nguvu. Mweke kwenye sanduku dogo asiweze kukimbia kwa wiki tatu au nne. Wengi wanaunga wenyewe. Mfupa ukitoka nje, au miguu ya nyuma ikiburutwa kwa sababu mgongo umevunjika, tusimtese. Achinjwe haraka na mtu anayejua. Kama alikuwa mzima na ameumia saa ile, nyama yake inalika. Kama alikuwa mgonjwa au amepewa dawa, asiliwe.

Dawa inayoponya mtu inaweza kuua dende

Hapa tunaomba kila mmoja asome mara mbili.

Ampisilini, amoksisilini na penisilini ni sumu kwa dende. Ndani ya tumbo lake kuko vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga majani. Dawa hizi zinaua vile vizuri, na vibaya vinabaki na kuongezeka. Baada ya siku chache uharo unaanza, anaacha kula, anakufa. Ni hatari kwa kunywa na hata kwa sindano. Eritromisini nayo ni hivyo, na tetrasiklini si dawa ya kujaribu nyumbani.

Juu ya nini watu wanazitumia? Juu ya ziko karibu, bei yake ni ndogo, na zilimponya mtoto. Tunaelewa. Lakini jeraha dogo lililooshwa vizuri kwa maji ya chumvi mara nyingi linapona bila kapsuli yoyote. Kukiwa na usaha au jipu shingoni, mwite veterineri na mwambie wazi: "Ni dende, si mbuzi." Dawa yenye sulfa na trimetoprimu dende wengi wanaivumilia, lakini kipimo kinafuata uzito wa mnyama. Mnyama hata hafiki kilo moja; kapsuli ya mtu mzima ni mzigo mkubwa kwake. Ukiwa huna njia ya kumpata veterineri, maji ya chumvi na chakula kizuri ni bora kuliko dawa ya kubahatisha.

Kidonda kisichofunga

Kuko jambo lingine ambalo wafugaji wengi hawalijui. Mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na wetu sisi watu. Kapibara aliyefungiwa na kunyimwa majani mabichi naye anaugua ugonjwa huo huo. Ikikosekana, vidonda havifungi, viungo vinavimba, mnyama anakataa kutembea na analia ukimgusa. Watu wanasema amerogwa au amevunjika, kumbe ni njaa ya majani mabichi.

Kila dende anahitaji kama miligramu 10 za vitamini C kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye jeraha au mimba anahitaji mara mbili au tatu ya hiyo. Usinunue kidonge. Mpe matembele, lengalenga, jani kidogo la shu, au kipande cha pera lililoiva. Yawe mabichi, yamenyauka kidogo, yasiwe na umande, juu ya majani yaliyolowa yanavimbisha tumbo. Usimpe majani ya avoka, majani ya viazi vya kizungu wala sombe mbichi.

Kuzuia ni kazi ya fundi, si ya muganga

Tukihesabu majeraha tuliyoona, mengi yanatoka pahali pamoja: sakafu ya jiko. Dende wanakanyagwa gizani, wanaungua kwa makaa, wanaumwa na mbwa. Wapeni kizimba, hata cha mianzi. Nafasi kati ya mianzi iwe ndogo, mguu wa mtoto wa dende usipenye. Sakafu iwe kavu. Sakafu yenye maji na mkojo inaleta vidonda vya nyayo.

Kizimba kimoja, dume mmoja. Watoto madume watengwe wakifikisha wiki tatu. Yule dume wa Walungu hakufa kwa bahati mbaya. Mtoto wake mwenyewe alikua, akaachwa ndani, na siku nyingi kabla ya kuumwa meno yalikuwa yanagongana "kakakaka" kila jioni. Mama alisikia. Hakuna aliyemwambia maana yake.

Tunajua dende ni nini katika nyumba zetu. Ni nyama ya watoto siku ambayo hakuna makuta. Ni daftari, ni sehemu ya minervale. Wakati wa kukimbia, ng'ombe anabaki au anaporwa, lakini dende wawili wanaingia ndani ya kikapo pamoja na mtoto mgongoni. Mnyama wa namna hii asife kwa sababu tulidhani kimya chake ni amani.

Kikundi cha yule mama kimepata dume mwingine kwa mkopo kutoka kikundi jirani. Tulipopita tena, alitusimamisha kabla hatujaingia. "Mungoje kwanza," akasema, "musikie." Akachakarisha majani mkononi. Ndani ya kizimba wote wakapiga mluzi kwa pamoja. Akahesabu kwa vidole, kiisha akainama kumtafuta mmoja ambaye sauti yake hakuisikia.

Katika mukutano wenu ujao, chagueni watu wawili wa kila kikundi watakaoweka maji ya chumvi, sindano isiyo na ncha, mzani na daftari la uzito. Mtuandalie maswali. Tutakapopita tena tutaanza na hayo, kabla ya kuzungumza juu ya vizimba.