Jani la Mpera Kwenye Vidole Viwili

Mtoto wa dada yangu ana miezi 13 na anaishi Kimbo, Ruiru. Jumamosi moja ya Aprili, mvua ilipokuwa imepumzika, tulimketisha kwenye mkeka barazani. Upepo ukaleta jani la mpera. Alilikodolea macho kwanza, kisha akanyosha mkono, na kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada akaliokota kwa kikonyo chake. Akaligeuza, akalipiga mkekani, akalionja, akakunja uso, akamnyoshea mama yake. "Jani! Asante baba, umeniletea jani," mama akamwambia. Akalichukua tena, akaanza upya.

Miezi minne nyuma asingeweza. Angelikomba kwa kiganja chote, kama mtu azoaye mchele uliomwagika. Uwezo wa kubana kitu kidogo kwa ncha za vidole viwili huja kati ya miezi 9 na 12, na nyuma yake kuna ujenzi mkubwa. Neva zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo huwa zinavishwa utando wa mafuta uitwao mayelini, na ujumbe unaopita humo huongezeka kasi. Katika mwaka wa kwanza pekee ubongo wa mtoto hukua karibu maradufu. Kwa hiyo jani lile lilimkuta katika wakati wake hasa.

Mzazi wa Thika akitafuta kwenye simu kazi za mikono za mtoto wa mwaka mmoja, mara nyingi ataletewa za majira ya kuchipua ya Ulaya: vifaranga vya pamba, maua ya karatasi za rangi, mayai ya kupakwa nakshi. Sisi tuko takriban digrii moja kusini ya ikweta. Hatuna majira hayo. Tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mimea ya huku inayajua vizuri. Mbuni hukaa na vitumba vilivyolala kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ya nguvu ikishanyesha, baada ya siku 10 hivi shamba hugeuka jeupe na kunukia kama asumini. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichoipa jina mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mashamba mengi ya kahawa sasa yamekuwa mitaa ya nyumba za kupanga. Hata hivyo, masika yakifika, hata ua mdogo wa ploti haukosi udongo laini, nyasi mbichi na majani ya kila umbo. Hivyo ndivyo vifaa.

Na hapa nina msimamo. Kazi ambayo mama ameikata, akaibandika na kuimalizia ili ipendeze kwenye picha ni kazi ya mama. Mtoto wa umri huu hajui kutengeneza kitu, anajua kukijaribu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto wake watatu na mwaka 1936 akachapisha alichokiona: baada ya kutimiza mwaka, mtoto haridhiki kurudia tu tendo lililompendeza, bali hulibadilisha makusudi aone kitakachotokea. Anaangusha kijiko akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, kisha mbali na meza. Anayemwokotea mara ya kumi huchoka, lakini mtoto yumo kazini.

Mpe basi kitu kinachojibu. Donge la unga hujibu. Koroga unga wa ngano, maji na mafuta kidogo, upike kwenye sufuria kwa moto mdogo ukigeuza mpaka ushikane kama ugali, kisha uukande ukipoa. Usimpe unga mbichi, kwa sababu unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na chumvi usitie, maana lazima atauonja. Kwa rangi, chemsha bitiruti au tia manjano. Lisambaze donge kwenye sinia, uweke jani la mpera au la parachichi juu yake, mwachie alibonyeze kwa kiganja. Ukilibandua jani, mishipa yake yote imebaki imechorwa kwenye unga. Mtoto wetu aliweka kidole kwenye alama hizo, akakivuta taratibu, akanyamaza kwa muda ambao sijawahi kumwona amenyamaza akiwa macho.

Gunzi la mahindi nalo ni zana nzuri, kubwa kiasi kwamba haliwezi kumezwa. Lichovye kwenye uji mzito uliotiwa rangi ya bitiruti, litandikie karatasi ya kaki, na mtoto alisukume mbele na nyuma: huacha safu za nukta. Karatasi hiyo ikikauka, mwonyeshe jinsi ya kuirarua. Kurarua huonekana kama uharibifu, lakini mkono mmoja lazima uvute huku na mwingine kule kwa wakati mmoja, na kuipatanisha mikono miwili namna hiyo ni ujuzi mgumu kwa mtu wa miezi 13. Vipande mnaweza kuvibandika kwenye boksi kwa uji uleule.

Tusidhani haya ni mageni kwetu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, kuchunguza kwa nini watoto wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Aligundua kwamba mama zao waliwafundisha kwa makusudi, hata kuwachimbia kishimo kidogo ardhini cha kuwategemeza wakijifunza kuketi. Yale ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hayakuja mapema. Mazoezi ndiyo yaliyotangulia.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Jamaika. Kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 wa Kingston waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya waliobeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa na maboksi yaliyotumika, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba miaka 20 baadaye walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa kwa mpango huo. Chupa na boksi pekee havikufanya hivyo. Mtu aliketi chini na mtoto akamtajia majina ya vitu.

Ndiyo maana kile kitendo cha kumnyoshea mama jani kilinigusa. Mary Ainsworth alikiona kitu cha namna hiyo katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955: mtoto huondoka kwenda kuchunguza, kisha hurudi kwa mama yake, akitulia hutoka tena. Anayerejewa anaweza pia kuwa shosho, au dada anayemlea. Najua mama wengi wa huku hupanda matatu kabla ya mapambazuko kwenda Nairobi, na wengine huingia zamu kwenye viwanda vya Thika. Dakika kumi za jioni, mtoto akiwa na jani la sukumawiki mkononi huku nawe ukikatakata mengine, zinatosha kuanzia. Televisheni haiwezi kushika nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi mtoto wa mwaka mmoja awekwe mbele ya skrini kabisa.

Usalama usifanyiwe haraka. Chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya choo kinaweza kumkaba: maharagwe, punje za mahindi, vifuniko vya soda, na hasa betri ndogo za duara, ambazo huunguza koo kwa muda mfupi. Maji ya beseni, hata ya kina cha vidole vichache, yanaweza kumzamisha. Usichume majani kwenye shamba lililopigwa dawa, na mweke mbali na ua wa mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria. Utomvu wake huchoma macho vibaya. Na muda wote uwe umeketi naye.

Mwishoni mwa Mei mvua hupungua, na Juni huja na baridi na ukungu wa kuwafungia watoto ndani. Wiki hizi udongo ungali laini na majani ni mabichi. Tandika mkeka nje leo, mpe mwanao jani moja, umtajie jina lake, kisha umwachie.