Maua Yanayokua Penye Sumu

Saza, katika Wilaya ya Songwe, ni nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu mwaka 1939 hata mwaka 1956. Siku hizi wako wachimbaji wadogo pia. Mawe husagwa katika karasha, kisha huoshwa. Dhahabu hutolewa, na mchanga uliobaki, uitwao marudio, hulundikwa. Basi katika mchanga huo hubaki vitu visivyoonekana kwa macho: zebaki iliyotumiwa kukamata dhahabu, na mara nyingi risasi na shaba zilizokuwamo ndani ya mawe tangu mwanzo. Hayo huitwa madini mazito. Hayaozi kama majani. Hukaa katika udongo miaka mingi sana.

Hata hivyo, maua yakipandwa karibu na mchanga kama huo huenda yakachanua vizuri. Mtu akiyaona husema, "Udongo huu ni mzima." Neno hilo si kweli, tena lina hatari, maana asemaye hivyo mwaka huu atapanda mchicha papo hapo mwaka ujao.

Labda mtauliza, mmea huwezaje kuishi penye sumu? Mimea mingine huizuia mlangoni. Mizizi yake hutoa utomvu unaoyashika madini yangali nje, au huyanasa katika ngozi ya mizizi, hata ni machache tu yapandayo kwenye shina. Mimea mingine huyaacha yaingie, na hapa ndipo penye ajabu. Mwili wa mmea umejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe mna kifuko cha maji. Madini yakiingia, mmea hutengeneza kitu cha kuyakumbatia, kisha huyatia katika kifuko hicho, kama mtu amfungiavyo mbwa mkali bandani. Kazi ya chembe huendelea kwa amani. Lakini mbwa hakufa. Yumo bandani, na mwenye kula jani lile ndiye afunguaye mlango.

Jeraniamu yenye majani ya kunukia, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, huvumilia risasi nyingi katika udongo. Mfano ulio bora zaidi uko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Huko huota mmea mdogo wenye maua ya zambarau, nao hupenda udongo wenye shaba nyingi mno, ambao mimea mingi hushindwa kuishi ndani yake. Watu huuita ua la shaba. Wataalamu wa mambo ya kale waliufuata mmea huo, wakaona mahali ambapo wahunzi wa zamani walikuwa wakiyeyusha shaba. Wahunzi walikwisha kufa zamani, lakini shaba yao ingali katika udongo.

Na magugu maji, yaliyoenea katika Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yaliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mizizi yake hunywa zebaki na risasi zilizo majini. (Mgeni huyu ametusumbua sana, lakini kazi hii anaijua.)

Zebaki ina njia yake nyingine. Mchimbaji achomapo zebaki ili dhahabu ibaki, zebaki hugeuka mvuke, na majani huivuta kutoka hewani. Kwa hiyo hata bustani yenye udongo safi haifai kuwa karibu na mahali pa kuchomea.

Je, tuache kupanda maua penye marudio? La, yapandwe. Mizizi yake huushika mchanga usipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na mvua mpaka kisimani. Ila majani yakipogolewa yasipewe mbuzi, wala yasitiwe katika shimo la mbolea ya bustani, wala yasichomwe. Mboga zipandwe mbali, upande wa juu ambako maji ya marudio hayafiki. Wako wanaodhani ya kuwa kuosha mchicha kwatosha. Maji huondoa vumbi lililo juu ya jani tu. Kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki kwa kuoshwa.