Risasi Inayoyeyushwa Nyumbani na Afya ya Mtoto

Leo tunazungumza juu ya risasi. Usishtuke, hatusemi habari za bunduki. Tunasema juu ya madini yenyewe, yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo ndiyo hutengenezewa risasi za bunduki na ndiyo yamejaa ndani ya betri ya gari.

Risasi huyeyuka upesi. Moto wa makaa tu unatosha. Ndiyo maana kazi hii haihitaji kiwanda. Mtu huokota betri kuukuu, mabomba ya zamani, vile vizito vidogo vya kusawazishia magurudumu, au mabamba yaliyobanduliwa kwenye kuta za chumba cha eksirei. Huviyeyusha katika sufuria nyuma ya nyumba, kisha humimina kwenye mchanga na kupata chubwi za kuvulia samaki. Huenda mtu huyo ni baba watoto wako, na huenda pesa hizo ndizo zinazonunua unga. Kwa hiyo hatukuja kumlaumu. Tumekuja kukuambia kitu ambacho macho hayaoni.

Wengi wetu huogopa moshi na harufu. Moshi ni mbaya kweli, lakini adui mkubwa zaidi ni vumbi. Ile takataka inayoelea juu ya risasi iliyoyeyuka hukwanguliwa na kutupwa chini. Ikikauka huwa unga mwepesi. Unga huo hukaa uani, hushika kwenye nguo za baba, huingia na viatu hadi kwenye mkeka. Mtoto anayetambaa huweka mikono chini, kisha huiweka mdomoni. Hivyo ndivyo sumu inavyoingia, kidogo kidogo, kila siku.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Akiwa na njaa, au amepungukiwa na madini ya chuma, hufyonza zaidi. Risasi hupunguza damu na kuudhuru ubongo unaokua. Mtoto huchelewa kusema, hushindwa kutulia, na akienda shule huonekana mzito wa kuelewa. Walimu humwita mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Na wewe mama mjamzito, sikiliza. Risasi uliyoivuta miaka iliyopita hujificha ndani ya mifupa. Ukishika mimba, mifupa hutoa madini ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii.

Hapa kwetu tuna mfano wa Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kilianza hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua sana, na alipopimwa ilikutwa risasi katika damu. Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi wakazi.

Lakini usiseme, "Hicho kilikuwa kiwanda, sisi tuna sufuria moja tu." Huko Senegali, katika kitongoji cha wavuvi cha Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, hapakuwa na kiwanda. Mafundi walivunja betri wakitengeneza vizito vya nyavu, na mabaki yakaachwa mchangani. Baadaye bei ya risasi ilipopanda, kina mama wakawa wanachekecha mchanga ule wauze vipande. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Kuna neno jingine kuhusu vyuma vya hospitali. Bamba la risasi la chumba cha eksirei halibaki na mionzi. Lakini mtungi mzito wa risasi wenye alama ya duara na mapanga matatu huenda una dawa ya mionzi ndani. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu walitoa chombo cha namna hiyo katika kliniki iliyohamwa, kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kufunguliwa. Walikufa wanne, mmoja ni msichana wa miaka 6 aliyechezea unga wake unaong'aa. Kitu kama hicho usikiguse. Ondoa watoto na uwaarifu polisi.

Sasa ufanye nini? Zungumza na baba kwa upole, wakati ametulia. Mwonyeshe kuwa chubwi si lazima iwe ya risasi. Wavuvi wengi hutumia plagi kuukuu, nati, vipande vya nondo, mawe au saruji. Betri asiivunje, aiuze nzima. Akisema ataendelea mpaka amalize iliyopo, basi si nyumbani, nguo za kazi zisiingie ndani, na aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Usifagie uwanja ule ukiwa mkavu. Rashia maji kwanza, na ndani pangusa kwa kitambaa kibichi. Mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula, asishinde na njaa, na apate maharagwe, mboga za majani na dagaa.

Wengine husema maziwa huondoa sumu hii. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaiondoi. Na kama unanyonyesha, usiache kwa hofu. Uliza kwanza kliniki.

Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara, akifunga choo, akipauka, akikosa hamu ya kula, nenda hospitali. Akipatwa na degedege, nenda saa hiyo hiyo. Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine, kwa hiyo usingoje kuulizwa. Sema wazi: "Daktari, nyumbani kwetu huyeyushwa risasi." Kipimo ni cha damu, na huenda ukapewa rufaa hospitali kubwa. Hata mtoto asiye na dalili anafaa kupimwa. Dawa ipo kwa waliozidiwa, lakini haisaidii akirudi kucheza kwenye vumbi lile lile.

Na ile sufuria, mama, hairudi jikoni, hata ukiisugua kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae. Itoboe tundu chini kabla ya kuitupa, jirani asije akaiokota akapikia.