Umelipia HD, mbona namba za mgongoni hazisomeki?

JUNI 12, 2010, dakika ya nne tu ya mechi ya England na Marekani kwenye Kombe la Dunia pale Rustenburg, Afrika Kusini, Steven Gerrard alimtungua kipa Tim Howard. Kule Uingereza, waliokuwa wakitazama chaneli ya kawaida ya ITV waliruka juu kushangilia. Waliokuwa kwenye chaneli ya HD ya kituo hichohicho hawakuona kitu, walikuwa wanaonyeshwa tangazo la gari. Picha iliporudi, Gerrard alishafunga. ITV ikaomba radhi.

Kilichowauma wale jamaa ni hiki: wenye picha ya bei kubwa ndio waliokosa bao, wenye picha ya kawaida wakaliona.

Huku kwetu ni nadra tangazo kufunika bao, ila maumivu yanafanana. Shabiki katoa kiingilio chake kibanda umiza, au kakaa sebuleni kwake baada ya kulipia kifurushi kikubwa. Kona ya skrini imeandikwa HD. Mpira unapigwa mrefu kwenda kwa winga, nyasi zinageuka uji wa kijani, namba za mgongoni hazisomeki. Ikipatikana penalti, picha inaganda. Anayekwambia kama imeingia ni jirani mwenye redio.

Fundi ataambiwa dishi bovu, kampuni ya king'amuzi itatukanwa, mwenye kibanda atadaiwa hela irudi. Mara nyingi analaumiwa asiyehusika. Ukweli ni kwamba tatizo la picha huwa linajitambulisha lenyewe kwa namna linavyoonekana, na shabiki anaweza kujua limetokea wapi kabla hajampigia mtu simu.

UKUNGU MWANZO MWISHO

Tuanze na hesabu. Picha ya kawaida kwenye mfumo unaotumika kwetu ina nukta 720 kwa 576, yaani laki nne na kidogo. HD kamili ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Ni mara tano. Hizo nukta za ziada ndizo zinazokuonyesha kama bega la straika lilimpita beki wa mwisho au la.

Sasa kama picha imetulia, haigandi wala haikatiki, lakini ina ukungu kuanzia dakika ya kwanza hadi ya 90, usipande kwenye bati. Nenda nyuma ya TV. Waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, ndio mchawi wa wengi. Ule wa njano ndio unaobeba picha, na hauwezi kubeba HD. King'amuzi kitapokea HD safi kutoka angani, kisha kitaishusha iwe picha ya kawaida ili ipite kwenye waya huo. HD inataka waya wa HDMI.

Vibanda umiza vingi vinaumia hapa. King'amuzi kimoja, TV tatu au nne, waya umegawanywa na kuungwaungwa hadi benchi la mwisho. Hata king'amuzi kiwe cha bei gani, kinachofika kule mwisho si HD tena. Vipo vifaa vya kugawa HDMI kwenda TV zaidi ya moja, na mwenye kibanda anayejaza watu siku ya Simba na Yanga anapaswa kuvifikiria kabla ya kununua skrini kubwa zaidi. Skrini ikikuzwa, ubovu nao unakuzwa.

Kuna na mambo ya rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uangalie kama picha imewekwa 576 wakati TV inaweza 1080. Angalia pia upana. Picha ya zamani yenye umbo la karibu mraba ikivutwa ijaze skrini pana, kila mchezaji anaonekana kanenepa msimu huu.

INAGANDA, INAKATIKA VIPANDE

Picha ikiganda, ikikatika vipande vya mraba na sauti ikikwaruza, hilo ni suala la mawimbi. Setilaiti ipo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, dishi likisogezwa na upepo digrii moja tu, limeshaanza kuangalia pembeni.

Enzi za antena, mawimbi yakipungua ulipata chenga, lakini mpira uliuona hivyohivyo. Tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, mchezo umebadilika. Dijitali inakupa picha safi hadi ukingoni, ukivuka ukingo inakatika yote. Ndiyo maana dishi lililofungwa kwa kubahatisha linaonyesha vizuri wiki nzima, likaangusha watu siku ya mvua.

Wengi pia huuliza: mbona chaneli za kawaida zinaonyesha, HD ndiyo inaganda? Jibu ni kwamba chaneli za HD mara nyingi hurushwa kwa mfumo unaobana taarifa nyingi zaidi kwenye wimbi lilelile, na mfumo huo unataka mawimbi safi zaidi. Dishi lililopinda kidogo litaitosha chaneli ya kawaida na kuinyima HD.

Mvua nayo ina haki yake. Dishi nyingi za majumbani zinapokea mawimbi mafupi, ya sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa huyameza na kuyatawanya. Masika ya Machi hadi Mei yanakuja wakati ligi zinaamuliwa. Hakuna fundi wa kuzuia mvua, ila dishi lililolengwa sawasawa siku ya jua huwa na akiba ya kuvumilia. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Mwambie fundi asishuke mpaka ule wa ubora upande. Waya uliochubuka na maungio yenye kutu navyo huishusha.

Na ikitokea picha imepotea dakika chache mchana, kwa siku kadhaa mfululizo, karibu na tarehe 21 Machi au 22 Septemba, muache fundi apumzike. Jua linakuwa limepita nyuma kabisa ya setilaiti na kuyafunika mawimbi. Linarudi sawa lenyewe.

UJI WA KIJANI

Ugonjwa wa tatu ndio wenye utata. Mpira ukisimama, picha safi, unasoma hadi jina la mchezaji. Mpira ukikimbia, nyasi zinayeyuka na mashabiki jukwaani wanakuwa mabaka. Waya ni wa HDMI, ubora wa mawimbi uko juu. Hapo kosa si lako.

Nafasi kwenye setilaiti inalipiwa, na chaneli kadhaa hupakiwa pamoja kama abiria kwenye daladala moja. Mtangazaji wa habari aliyekaa kwenye kiti hahitaji nafasi kubwa, maana ukuta nyuma yake haubadiliki. Mpira ni kinyume chake. Kamera inakimbia, nyasi zote zinabadilika, watu maelfu wanapunga mikono. Jumamosi jioni mechi nne zikipigwa kwa wakati mmoja, kila chaneli inadai nafasi ileile sekunde ileile. Isipotosha, mitambo inafuta undani wa picha.

Nembo ya HD kwenye kona inakuhakikishia idadi ya nukta tu. Haisemi kila nukta imepewa taarifa kiasi gani. Hilo linaamuliwa na anayerusha, na fundi wako hana la kufanya.

DAI CHAKO

Mpira wa leo unaendeshwa na picha. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Nyuma ya fedha za namna hiyo yuko shabiki anayelipia kifurushi mwezi hadi mwezi. Na AFCON 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako wengi watakaokosa tiketi wataitazama kwenye TV.

Kwa hiyo badili waya kwanza, kisha pima dishi. Vyote vikiwa sawa na uji wa kijani ukabaki, andika chaneli, tarehe na saa, piga na video fupi kwa simu, umpelekee mtoa huduma wako. Asipokusikiliza, TCRA ndiyo inayosimamia utangazaji, na lipo baraza la watumiaji, TCRA-CCC. Malalamiko yenye tarehe na ushahidi ni magumu kuyajibu kwa "zima, washa tena".